Unangoja feri? Angalia basi: mwongozo kamili wa kuona ndege, miti na maji ukiwa katikati ya pilikapilika za Mombasa

Mimi ni mtu wa Likoni na kazi yangu iko Tudor, kwa hivo kila siku ya Mungu navuka mara mbili na kila siku nangoja. Nangoja feri, nangoja matatu ijae, nangoja foleni isonge, na miaka yote hiyo nilikua nangoja nikiwa nimezama kwenye simu mpaka siku moja ikanizimikia chaji pale kwenye banda la abiria nikakosa pa kutia macho. Ndo nikamuona kunguru. Alikua amepata kipande cha mkate mkavu kama kigae, akaupeleka kwenye kidimbwi cha maji ya mvua, akautumbukiza, akangoja, akaugeuza upande wa pili akautumbukiza tena, alafu ndo akala. Yaani vile vile mimi nafanya na mahamri na chai. Watu mia kadhaa tumejazana pale na kila mtu ameinama.

Kwa hivo mwongozo huu si wa mtu alie na likizo na gari. Ni wa mtu anaengoja, na Mombasa nani hangoji.

Hatua ya 1: Chukua pahali ambapo unangoja tayari

Usianze na kutafuta pahali pazuri. Hapo ndo wengi hukwama, anasema nikipata wikendi ntaenda mahali, wikendi inakuja kuna harusi, inayofuata kuna matanga, mwaka umeisha. Chukua pahali unaposimama kila siku hata kama panaudhi, staji, dirisha la ofisi, kibaraza cha nyumba, foleni ya maji. Dakika kumi zinatosha. Simu itie mfukoni (na kama ni ferini itie mfukoni kwa sababu mbili, pale hata kupiga picha askari hawataki).

Alafu chagua kitu kimoja hapo, kimoja tu, ukifuate wiki kadhaa. Mimi nilichagua mkungu ulio karibu na staji yangu. Nimekaa chini ya ule mti miaka, nimekula viazi karai chini yake, na sikuwahi kuuangalia. Wiki ya kwanza sikuona kitu, ntakuambia ukweli, niliona mti. Wiki ya pili nikaona matawi yake hayatoki ovyo, yanatoka kwa ghorofa, duara moja alafu nafasi alafu duara lingine, kama mtu alieweka sahani juu ya sahani. Baadae majani yakaanza kua mekundu moja moja, jekundu kabisa kama nguo ya bibi harusi, yakadondoka, na kabla hata mti haujabaki mtupu machipukizi ya kijani yameshatoka. Sisi hatuna msimu wa baridi wa kuangusha majani lakini mkungu hauna habari, unafanya mambo yake.

Na chini kulikua na kungu zimetafunwa, zimebaki nyuzinyuzi, kila asubuhi mpya. Nikadhani watoto. Siku moja nimechelewa kazini nikapita hapo baada ya magharibi nikasikia pa! pa! kuangalia juu, popo. Wanazichuma, wanatafuna nyama ya nje, kokwa wanaitupa. Kama ulikua mtoto Pwani unajua ndani ya ile kokwa kuna nini, unaiweka juu ya jiwe, unaigonga kwa jiwe lingine, unakosea unagonga kidole, mwisho unapata kajozi kadogo katamu. Kwa hivo popo alikua anatufanyia nusu ya kazi na sisi tukimtupia mawe.

Hatua ya 2: Jua maji yako wapi

Hii ndo hatua kubwa, ukifanya hii peke yake nyingine waweza kuziacha. Mombasa ni kisiwa, na kinapumua mara mbili kwa siku, maji yanajaa, yanakupwa, yanajaa, yanakupwa. Mtu anaishi Majengo miaka thelathini na ukimuuliza saa hii maji yajaa au yatoka hajui.

Utajuaje? Kama wavuka feri angalia mteremko. Ile njia ya kushukia haisogei, kinachosogea ni bahari, kwa hivo siku unateremka parefu mpaka goti linalalamika na chini zege limeota ukijani wa utelezi, ujue maji yamekupwa, na siku unashuka kidogo tu umeshafika jua yamejaa. Wakati wa bamvua, yaani siku zile bahari inajaa na kukupwa kupita kawaida, tofauti ya maji yakijaa na yakikupwa yapita mita 3, hiyo ni nyumba ya chini na dari yake.

Hesabu yake ni rahisi ukitumia mwezi wa Kiislamu, na ndivo wazee walivofanya siku zote. Mwezi ukiandama na ukifika kumi na nne, kumi na tano, hapo na siku mbili tatu zinazofuata ni bamvua, maji yanajaa sana na yanakupwa sana. Siku ya saba, ya nane ya mwezi huo, na ya ishirini na mbili, ishirini na tatu, ni maji mafu, yanasogea kidogo tu. Na kila siku saa inasonga mbele kama dakika 50. Hapa kwetu bamvua huja na utaratibu wake mzuri, maji yanakua yamekupwa kabisa saa nne, saa tano hivi asubuhi, kwa hivo kama wataka kutembea ufuoni na watoto uone mambo chagua Jumapili iliyo karibu na mwezi mpevu au mwandamo uende saa tatu, ukiwa huko maji bado yanatoka. Ukifika saa saba usilalamike umekuta maji yamerudi.

Kuna kitu nilifunzwa Mji wa Kale na mzee mmoja mvuvi, alikua anashona nyavu, nami nimekaa pembeni najifanya mjuzi.

"Shikamoo mzee. Ati maji yajaa ama yatoka saa hii?"

"Marahaba mwanangu. Mbona waniuliza mimi, huoni hizo dau zimeelekea wapi?"

Nikaangalia. Kweli zote zimetia nanga na zote zimeelekeza vichwa upande mmoja kama watu wanaosali. Dau likifungwa kichwani hujigeuza likaelekea kule maji yanakotoka. Nikakaa. Baada ya kama nusu saa moja ikaanza kuyumba, alafu ya pili, kukawa na muda kila moja inaangalia kwake kama watoto wa nasari, alafu taratibu zote zikageuka zikaelekea upande wa pili. Mzee hata hakuinua kichwa, akaniambia tu "haya, yamerudi."

Maji yakishatoka nenda kwenye mikoko. Usidhani ni mbali, iko Tudor, iko Mikindani, iko Jomvu, iko Junda kule Kisauni, mingi iko nyuma ya nyumba za watu na ndo maana hatuioni, tunaona takataka tu zilizonasa (zipo, sitakudanganya, na harufu ipo pia). Simama pembeni, usiingie. Mimi niliingia na ndara, moja ikabaki matopeni mpaka leo, nikapanda tuktuk mguu mmoja mtupu na dereva hakuniuliza kitu, nadhani ameona mengi.

Ukisimama tu, usisogee, hesabu dakika tano. Tope lote linaonekana limekufa, lina mashimo. Alafu shimo moja linatoa jicho. Ni wale kaa wadogo wenye gando moja kubwa kupita mwili wao, hao ni madume, jike ana magando madogo mawili. Watatoka mmoja, watatu, mwisho tope lote linapunga mkono, wanainua lile gando na kulishusha, wengine wanaita wake wengine wanatishia jirani asikaribie shimo. Inua mkono wako wewe kwa haraka. Wote chini. Anza tena kuhesabu.

Miti yenyewe jifunze miwili ya kwanza inatosha. Mkoko wenyewe una mizizi inayotoka juu ya shina kama miguu iliyopinda, na mbegu zake zinaning'inia kama fimbo za kijani kwa sababu zinaota zikiwa bado juu ya mti, zikianguka zinajichoma topeni zimeshakua mche. Mchu mizizi yake imetoka juu ya tope kama penseli elfu zimesimamishwa, ile ndo pua yake, anavutia hewa. Chuma jani moja la mchu, ligeuze, lilambe. Chumvi. Mti unakunywa maji ya bahari alafu unaitoa chumvi kwenye majani. Kila mtu niliempa alambe amenitazama vibaya kwanza alafu akalamba la pili. Baada ya hiyo miwili ndo uulize mkandaa, muia, mlilana, mkomafi.

Na ukirudi Mji wa Kale ingia nyumba yoyote ya zamani unayokaribishwa uangalie juu. Zile boriti za dari ni mikoko. Ndo maana vyumba vya kale ni virefu lakini vyembamba, upana wa chumba ulikua ni urefu wa boriti, mti umemalizika na ukuta umefika. Kuta zenyewe ni matumbawe na chokaa, na kisiwa chote kiko juu ya mwamba wa matumbawe wa zamani za zamani, pita pale chini ya Fort Jesus (ilijengwa 1593 mpaka 1596) utaona mwamba ulivo na mashimo na maumbo ya vitu vilivokua hai.

Tahadhari kabla sijasahau. Ukitembea kwenye mwamba maji yakiwa yametoka vaa viatu, wale viumbe weusi wa baharini wenye miiba hawana huruma. Usiokote konokono mwenye umbo la koni hata akiwa mrembo vipi, kuna aina inachoma na sumu yake inaua mtu. Kauri na makome yaache hapo hapo, hasa mbele ya Nyali na Bamburi, kule ni hifadhi ya bahari tangu 1986. Na uwe wajua saa maji yanarudi, yanakuja kwa nyuma yako kwanza, yanajaza mabonde kati yako na ufuo wewe ukiwa waangalia pweza.

Hatua ya 3: Ndege, anza na unaemchukia

Kila mwongozo utakuambia uamke alfajiri utafute ndege wa rangi. Mimi nakuambia anza na kunguru, kwa sababu yupo, hakimbii, na ana akili kuliko baadhi ya makanga wa matatu ninaowajua. Huyu tuliemzoea mwenye shingo ya kijivu si mwenyeji. Asili yake ni Bara Hindi, aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 na kufikia 1947 alishaonekana hapa Mombasa. Mwenyeji ni yule mkubwa kidogo alievaa fulana nyeupe kifuani, na ukimuona mjini siku hizi ujue una bahati. Huyu mgeni anakula mayai na makinda ya ndege wengine, ndo moja ya sababu ndege wadogo wamepungua mjini. Kwa hivo unaweza kumstaajabia na kumkasirikia kwa pamoja, mbona watu wa familia tunawafanyia hivohivo.

Baada ya kunguru jifunze maumbo, usijifunze majina. Mwewe ni yule mwenye mkia uliopasuka anaougeuza kama usukani, mtafute juu ya maji ya kivuko au juu ya soko. Yangeyange, mweupe, anatembea kwenye jaa na viwanja vya mpira kama mkaguzi. Chozi ni mdogo kama kidole gumba na mdomo uliopinda, yuko popote palipo na ua hata kwenye kopo la mtu ghorofani. Mdiria utamjua kwa kukaa kwake kimya kwenye waya alafu akajitupa.

Mnana ndo wa kukaa nae muda mrefu. Tafuta mnazi wenye viota vinavyoning'inia kwenye makuti. Dume linakata kuti kwa mdomo pembeni, linaruka nalo na ule uzi unachanika mrefu, linaurudisha kwenye kiota na kuusuka, na ukiisha kiota linaning'inia chini yake linapiga mabawa na kelele. Jike linakuja, linaingia, linakagua. Mara nyingi linatoka na kwenda zake. Nimewahi kukosa matatu mbili kwa ajili ya kiota kimoja nikitaka nijue kama jamaa atakubaliwa. Hakukubaliwa.

Na kuanzia Septemba mpaka Aprili hivi, yale matope ya Tudor na Port Reitz yakiwa wazi utaona vindege vya miguu mirefu vinakimbia vikidona. Wengi wao wamezaliwa Ulaya ya kaskazini na Urusi wakaruka mpaka huku kukimbia baridi. Wako hapo, nyuma ya makontena.

Hatua ya 4: Upepo na kalenda

Fupi hii. Shika pepo mbili. Kaskazi, Disemba mpaka Machi, joto, ndo upepo ulioleta majahazi ya Arabuni na Bara Hindi. Kusi, Aprili mpaka Septemba, ndo uliowarudisha. Simama pahali pako pa kungojea uangalie bendera, moshi, nguo za jirani kwenye kamba, zinaelekea wapi. Siku upepo ukigeuka utakua mtu wa kwanza kujua kwenye matatu nzima. Na mikrismasi, ile miti ya barabarani, ikiwaka maua mekundu Novemba ujue na maembe yako njiani.

Hatua ya 5: Mibuyu ya Mama Ngina, lakini uangalie chini kwanza

Wengi wetu tunaenda pale Laitihausi, kwenye barabara ya Mama Ngina kando ya bahari, kwa mihogo na madafu, sawa, nunua, kula, sina ugomvi na mihogo. Alafu nenda kwenye mbuyu mmoja uweke mkono. Ganda lake ni kama ngozi ya tembo, na ukilitazama utaona makovu, watu wamechonga majina na mioyo, wengine walichonga zamani sana mpaka herufi zimenenepa pamoja na mti. Mbuyu ukichubuliwa unaota ganda jipya, ndo maana upo bado. Wakati wa ukavu unapukutisha majani yote, ndani umeweka maji.

Ukienda kuelekea vuli, angalia chini asubuhi. Ukiona maua makubwa meupe yamelala yameanza kua kahawia, basi jioni yake rudi saa kumi na mbili. Ua la mbuyu linafunguka giza likiingia, usiku huo huo popo wanakuja kunywa, na kesho yake limeanguka. Harufu si ya asumini, ntakuonya. Popo huyo huyo wa mkungu wangu. Kwa hivo mabuyu mekundu unayonunua ya kumung'unya mpaka ulimi unatisha, yameanza na popo gizani.

Hatua ya 6: Ukipata siku moja kweli

Basi nenda Haller Park, lakini usiende kwa twiga tu. Pale palikua machimbo ya mawe ya saruji ya Bamburi, mwamba mtupu mweupe unaochoma macho. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho, akaanza kupanda, akajaribu aina 26 za miti, zikaishi tatu tu. Mshindi alikua mvinje. Tatizo likawa majani ya mvinje hayaozi, yanarundikana tu, udongo haupatikani. Kilichosaidia ni jongoo, wale wakubwa weusi wenye miguu myekundu, wakaletwa, wakayala yale majani na mavi yao yakawa udongo. Kwa hivo masika ukikuta jongoo ameingia bafuni usimwagie chumvi, mzoe na ufagio umtoe, huyo ana historia. (Tandu ni kesi nyingine, tandu kimbia.)

Hatua ya 7: Usiku, na stima ikipotea

Ndani ya nyumba una mjusi kafiri. Washa taa moja ya kibaraza, zima nyingine, kaa. Utaona kila mjusi ana eneo lake ukutani na akivuka mwingine anafukuzwa. Na stima ikipotea mtaa mzima, kabla ya kulaani, toka nje dakika tano za kwanza, hizo ndo nyota zako za mwezi huo.

Kuhusu kuandika na apu

Kadaftari kadogo, tarehe, mstari mmoja. "Mkungu majani 3 mekundu." Inatosha. Apu kama iNaturalist na Merlin zinasaidia kutambua, nazitumia, lakini nimegundua nikianza na apu naacha kuangalia, napata jina natia tiki naondoka. Angalia kwanza mpaka umechoka, alafu uliza mtu, mvuvi, mama wa mihogo, nyanya yako, majina yao mengine huyapati kwenye apu yoyote, alafu ndo ufungue simu.

La mwisho ni la mara mbili tu kwa mwaka. Mombasa iko kusini ya ikweta kwa digrii 4 hivi, kwa hivo karibu na tarehe 10 Machi na tena karibu na tarehe 3 Oktoba jua linapita juu ya utosi wetu sawasawa. Machi ni kama saa sita na nusu mchana, Oktoba ni dakika kumi hivi baada ya saa sita. Simama palipo wazi, wima, uangalie kivuli chako. Hakipo, kimeingia chini ya viatu. Nguzo ya stima haina kivuli, chupa haina kivuli, mkokoteni umekalia wake. Ni dakika chache tu alafu kinaanza kuchungulia upande wa pili. Ukipita ferini siku hiyo ukamkuta mtu mzima amesimama juani anatazama viatu vyake, nisalimie.